Mkanda wa Severin

Gereji ya Mehboob haikuwa na desturi ya kunyamaza. Majirani walishazoea nyundo na redio tangu alfajiri. Lakini asubuhi ile Inspekta Nasra Kibwana aliposhuka kwenye gari la polisi, redio ilikuwa imezimwa na mafundi wamejipanga ukutani, mikono nyuma, wakiitazama Land Cruiser iliyolala katikati ya uwanja. Siku ilipotoka hapo ilikuwa nyeupe. Sasa ilikuwa na rangi ya mto Mgeta kutoka taa za mbele hadi za nyuma, na majani ya migomba yalichungulia madirishani.

Nyuma ya ukuta, milima ya Uluguru ilikuwa imejifunika mawingu mpaka kiunoni. Huko juu mvua ilikuwa bado inanyesha, na maji yake yote yalikuwa safarini kwenda kulekule lilikotolewa gari lile.

Habari yenyewe ilikuwa fupi. Jumatatu jioni gari la kambi moja ya watalii lilizolewa na maji kwenye kivuko cha chini ya Kisaki, mahali ambapo daraja la magogo lilishakwenda na masika. Ndani, kwa mujibu wa maelezo, walikuwemo watu wawili. Abdulatif, meneja wa kambi, aliokolewa akiwa amekumbatia mti. Dereva wake, Severin Kobelo, hakuonekana tena. Abdulatif alieleza polisi kwamba waliingia majini na mwendo bila kujua kina, kwamba katikati ya mto injini ilimeza maji ikazima, na kwamba Severin alichomolewa na mto mbele ya macho yake. Akaongeza jambo moja: mkonga wa kuvutia hewa, lile bomba refu linalopanda ubavuni hadi juu ya paa, ulifungwa kwa Mehboob mwezi huohuo.

Leo ilikuwa Alhamisi. Mkuu wa msako alikuwa ameshatamka kwamba jua likizama, watu warudi makwao. Nasra alikuwa na mchana mmoja tu wa kujua kama kulikuwa bado na mtu wa kutafutwa.

"Shikamoo, mzee Mehboob."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kunifunga?"

"Nimekuja kuangalia gari."

"Basi liangalie vizuri. Polisi wengi wakishasoma namba na stika ya bima, wamemaliza." Mehboob alikuwa mzee mfupi mwenye ndevu zilizotiwa hina, na hakuwa mtu wa kujishusha. Kwa maneno yake mwenyewe, kuanzia Dakawa hadi Kisaki hakuna gari lililovuka maji marefu likiwa salama bila kupita mikononi mwake. "Mkonga huo nimeufunga mimi. Siyo fundi wangu. Mimi."

Koplo Issa, msaidizi wa Nasra, alikuwa ameshapanda juu ya tairi. "Afande, mambo ndiyo haya!" Aliingiza kidole gumba kwenye ufa, pale mkonga unapoungana na bodi. "Umepasuka. Maji yamepita hapa yakaingia kwenye injini. Kesi imekwisha."

Mehboob alisogea kuutazama ufa. Uso wake ulishuka, na kwa mara ya kwanza alionekana mzee kweli.

Nasra naye alipanda. Aliutazama ufa, akautazama tena, kisha akapitisha ukucha kwenye kila tundu lililokuwa karibu: kitasa cha mlango, bawaba, shimo la funguo. Kila mahali ukucha ulitoka na tope laini lililokauka kama unga. Kwenye ufa ukucha ulitoka safi.

"Issa, tope limeingia hadi kwenye tundu la funguo. Kwenye ufa huu halimo. Kwa nini?"

Koplo aliinama, akauchungulia ufa upya.

"Kwa sababu ufa haukuwepo gari lilipokuwa mtoni. Angalia hapa, alama ya mnyororo. Umepasuka wakati wanalivuta." Alishuka. "Mzee, nionyeshe injini."

Mehboob alirudiwa na rangi yake papo hapo, na ulimi pia. Mafundi wake walikuwa wameamka na giza, wakaifungua silinda hedi, kifuniko cha juu cha injini, kabla hata ya kupata chai. Boneti ilipoinuliwa Nasra aliona pistoni sita zimejipanga kwenye matundu yao, zinang'aa kwa mafuta.

"Sikiliza, Inspekta. Injini inakula hewa. Inaimeza, inaibana, hapo ndipo nguvu inapotoka. Hewa inakubali kubanwa. Maji hayakubali. Ukiyabana maji hata kwa pistoni inayokwenda mbio namna hii, hayasogei. Sasa pistoni inapanda, maji yako juu yake, lazima mmoja ashindwe. Unadhani nani?"

"Pistoni."

"Konrodi, mkono unaoisukuma pistoni. Chuma kinene kuliko kidole gumba changu, kinapinda kama waya wa kuanikia nguo! Kikishapinda, pistoni hiyo haifiki tena juu. Inabaki chini ya wenzake milele." Alimpa rula ya chuma. "Mimi nisishike kitu, usije ukasema nimefanya ujanja. Pima wewe."

Fundi mmoja aliizungusha injini kwa spana kubwa, taratibu. Pistoni mbili zilipanda pamoja. Nasra alizilazia rula juu, akachungulia. Hapakuwa na mwanya. Mbili nyingine zilipanda. Mbili za mwisho zikapanda. Zote sita zilifika palepale, bila hata mwanya wa unywele. Chuma kile kilikuwa kimebiringishwa na mto wenye nguvu ya kung'oa miti, kikalala chini ya maji usiku kucha, na bado kilipanda na kushuka kwa adabu kama hakikupatwa na jambo. Nasra alisahau kwa muda kwamba yuko kazini. Alibaki anatazama tu.

"Maana yake nini?" aliuliza Issa.

"Maana yake," alisema Nasra polepole, "injini hii haikumeza maji ikiwa inawaka. Gari lilizama likiwa limezimwa. Abdulatif anasema ilizima katikati ya mto kwa kumeza maji. Injini inamkana."

Alianza upya, kutoka mbele, kama mtu anayefungua mzigo uliofungwa na mwingine. Turubai nene lilikuwa limefungwa mbele ya gari, limefunika rejeta yote, kamba zimekazwa kwa fundo nadhifu pande zote mbili. Chini ya injini tundu la klachi lilikuwa limezibwa kwa plagi ya kukaza kwa spana, maji yasipenye. Nasra aliinama, akatazama penye feni.

"Mkanda wa feni uko wapi?"

"Umechukuliwa na maji, afande."

"Maji hayalegezi nati," alisema Mehboob. "Tazama alternata, hii inayoukaza mkanda. Imerudishwa nyuma, mkanda ukatolewa, nati ikakazwa tena kwa mkono. Huyo ni Severin. Madereva wote wa njia ya Kisaki wanautoa kabla ya maji marefu. Usipoutoa, feni inakamata maji, mapanga yake yanajikunja, yanaichana rejeta vipandevipande. Mkishavuka, unaurudisha haraka kabla injini haijachemka."

"Na wakati wa kuvuka mkanda unawekwa wapi?"

Mehboob aliuchukua mkanda mwingine ukutani akauvaa begani, ukampita kifuani hadi chini ya kwapa la pili. "Anauvaa anayekwenda kuupima mto kwa miguu. Kwanza, hautapotea, maana bila huo hamfiki popote. Pili, walioko ukingoni wanajua mkubwa ni nani. Aliyevaa mkanda akiwa majini, hakuna kugusa gari mpaka arudi. Hata awe mkurugenzi."

Nasra alimtazama mzee yule na mkanda wake kifuani.

"Hawakuingia na mwendo," alisema. "Walisimama. Severin akaliandaa gari, kazi ya nusu saa au zaidi. Akazima injini, akavaa mkanda, akaingia mtoni kwa miguu. Hakuwemo ndani ya gari."

"Sasa gari liliingiaje mtoni lenyewe?" Issa aliuliza.

Jibu walilikuta ndani. Sakafu ilikuwa na tope lililoganda, limezishika gia zote mbili hadi shingoni, halina ufa wala alama ya kusogezwa. Gia kubwa ilikuwa kwenye namba moja. Gia ndogo, ile ya kuchagua mwendo wa kawaida au mwendo mzito, haikuwa huku wala kule. Ilikuwa katikati, patupu.

Mehboob aliguna kwa uchungu. "Kule hawaiamini breki ya mkono, matope yanaikaba. Wanaegesha kwa gia. Severin aliliacha kwenye gia, liko mteremkoni, linasubiri. Halafu mkono wa mtu ukaja kuichezea hii ndogo. Ukiiacha hapo katikati, hata gia kubwa iwe namba moja, matairi yako huru. Linateleza lenyewe."

Kilibaki kitu kimoja. Kwenye ngao ya mbele kulikuwa na kamba ya manila, fundo lake ni lilelile nadhifu, iliyobaki imejisokota kwenye ekseli na kujaa magugu. Nasra aliwaagiza mafundi waifungue. Waliivuta, wakaivuta, ikakata uwanja wote, ikatoka getini, ikavuka barabara hadi kwenye duka la Shobha la vitambaa, na bado ilikuwa inakuja. Mama mwenye duka alitoka nje kuona ni nini kinamwingilia mlangoni.

"Roli nzima hiyo," alisema Mehboob. "Nilimpa mwenyewe. Anayeupima mto anajifunga kiunoni."

Nasra aliifuata kamba kwa miguu hadi mwisho wake. Haikufumuka wala kuchanika. Ilikuwa imekatwa mara moja, kwa kisu kikali.

Alisimama katikati ya barabara, bajaji zikimpigia honi, na hakuzisikia. Kamba ingekatwa na mtu wa kwenye gari, kipande kifupi tu ndicho kingebaki kwenye ngao. Hii ilikuwa karibu yote. Kilichopungua ni mzunguko wa kiuno cha mtu.

"Issa," aliita, na sauti ilimtoka kubwa kuliko alivyotaka. "Aliyeikata alikuwa kwenye ncha ya pili ya kamba. Gari linamvuta, mto unamvuta, akatoa kisu akaikata kamba kiunoni. Mtu aliyekuwa anakufa hafanyi hivyo. Severin alikuwa hai, na alikuwa na akili zake."

"Sasa kwa nini hajaonekana?"

"Tumemtafuta wapi siku zote hizi?"

Koplo alifikiri, kisha akashika kichwa. Walikuwa wamemtafuta lilikokwenda gari, chini kabisa ya mto, upande huu, si ng'ambo alikokuwa akielekea.

*

Abdulatif alikuwa amepumzika kwa dada yake, Kilakala, kwenye kibaraza chenye maua ya makopo. Alikuwa mtu wa makamo, mtanashati, amejifunika shuka mabegani. Mikono yake ilikuwa na mikwaruzo ya ule mti uliomwokoa.

"Pole na mkasa, bwana Abdulatif."

"Nimeshapoa, Inspekta. Vipi, mmempata?"

"Bado. Nina swali dogo. Turubai alilifunga nani?"

"Turubai?"

"La mbele. Na mkanda wa feni alipoutoa Severin, ulimwona ameuweka wapi?"

Kikombe cha chai kilisimama kabla ya kufika mdomoni. "Nilishaeleza. Tuliingia na mwendo..."

"Ulieleza. Sasa nataka unieleze kuhusu gia ndogo."

Abdulatif alikiweka kikombe chini kwa uangalifu mwingi, kana kwamba kikigonga sahani kitamsaliti.

"Mvua ilikuwa kubwa," alisema. "Aliniambia nisimame nje nimshikie kamba. Mimi nikaona nitalowa bure, nikaifunga kwenye ngao... hapana, yeye aliifunga, mimi nilitakiwa kuwa naiachia. Nikaingia ndani. Nikasema ngoja nimwekee mwendo mzito, akirudi alikute gari tayari. Nilikanyaga klachi, likaanza kutembea. Nikakanyaga breki. Ni matope, Inspekta. Halikusimama."

"Severin alikuwa wapi?"

"Alikuwa ameshapita katikati. Nusura afike. Kamba ikanyooka, nikamwona ameanguka, basi. Sikumwona tena." Alifuta uso kwa shuka. "Ningesema nini? Kwamba nimemvuta mtu mtoni kwa mkono wangu mwenyewe? Ana watoto."

"Ungesema alikuwa ng'ambo," Nasra alijibu, na hasira aliyoizuia tangu gereji ikampanda. "Hilo tu. Uongo wako umewapeleka watu wote upande asipokuwepo. Koplo, baki na bwana huyu. Andika maelezo yake upya."

Alipofika barabarani alipiga simu Kisaki. Askari wa kule alimweleza kwamba ng'ambo ya kivuko si Kisaki hasa. Mto ulikuwa umegawanyika kwa mafuriko, na katikati ya mikono miwili pamebaki kisiwa chenye mashamba ya mpunga yaliyokimbiwa. Mtumbwi uliokuwa ukivusha watu ulishazolewa. Hakuna aliyekanyaga huko tangu Jumapili.

"Hakuna kitu kinachoweza kuvuka, afande."

Nasra alikata simu, akampigia Mehboob.

"Kipo," alisema mzee, bila hata kuulizwa mara mbili. "Ninacho kimoja. Ila naendesha mwenyewe."

*

Gari la Mehboob lilikuwa kuukuu, limepakwa rangi ya kijani kwa brashi, na lilipanda njia ya Mkuyuni na Mvuha bila kulalamika. Kulia kwao Uluguru iliwasindikiza. Mawingu yalikuwa yameanza kupanda, na kwenye kila korongo maji yalianguka meupe, mengi kiasi kwamba Nasra aliacha kuyahesabu. Alikuwa ameishi Morogoro miaka yote ya kazi yake, na milima ile alikuwa anaiona kama ukuta wa nyumba yake. Siku hiyo aliielewa kwa namna nyingine. Kila alichokiona kinashuka mlimani kingekutana naye tena kivukoni.

Mto aliusikia kabla ya kuuona. Ulimwingia kifuani kwanza, kama ngoma ya mbali. Walipotokea kwenye ukingo alishuka, akabaki mdomo wazi. Mgeta haukuwa mto, ulikuwa ardhi inayotembea. Ulipita na shina zima la mgomba likiwa wima, na mkungu wake, kama mtu anayesafiri. Ng'ambo ilionekana mstari mwembamba wa miti.

Watu wachache waliobaki kwenye msako walikuwa wameketi chini ya turubai. Mmoja alisimama, mrefu, mwenye rozari shingoni. Alikuwa Stefano, kaka yake Severin.

"Shikamoo, kaka," alisema Nasra.

"Marahaba, mama. Karibu kwenye msiba wetu. Padri anakuja kesho kumwombea."

"Padri asubiri kwanza." Nasra alimweleza kamba ilivyokatwa. Hakutia chumvi wala hakuahidi kitu.

Stefano alisikiliza hadi mwisho. Kisha alivua viatu.

"Taratibu!" Mehboob alifoka. "Tukikimbilia humo kama wendawazimu, kesho mtatutafuta sisi. Kwanza tunasubiri."

"Tunasubiri nini?" Nasra alitazama jua. Lilikuwa limeshainama.

"Difu zipoe, haya mavungu ya gia katikati ya ekseli. Zimetoka safari, zina moto. Chuma cha moto ukikitosa kwenye baridi kinavuta pumzi, na pumzi ya humo ni maji. Yataingia kwenye oili, yatasaga meno ya gia yote. Nimeziwekea mipira ya kupumulia hadi juu, lakini sili zinazozuia maji ni mpira tu, zinazeeka kama mimi."

Walisubiri. Kwa Nasra ilikuwa kazi ngumu kuliko yote ya siku ile, kusimama mikono mitupu huku mwanga unakwenda. Mehboob hakusimama. Alifunga turubai mbele ya gari, akaeleza wakati anakaza kamba kwamba gari likienda mwendo mmoja, bila kukimbia wala kusita, maji yatainuka mbele yake kama tuta, na nyuma ya tuta patabaki bonde; injini ingepita katika bonde hilo. Alikaza plagi ya klachi. Alifungua betri akaifunika kwa nailoni. Aliwaagiza watu wajaze mchanga kwenye viroba wavipakie nyuma, kisha akafungua madirisha yote.

"Si maji yataingia ndani?" Nasra aliuliza.

"Nayaomba yaingie. Gari lisiloingiza maji linaelea, na likielea mto umelipata. Nataka lijae, liwe zito, likanyage chini. Wewe utalowa. Mkonga hautalowa."

Mwisho aliutoa mkanda wa feni, akamvika Stefano begani kwa mikono miwili, kimya, kama anayemvisha joho. Safari hii kamba haikufungwa kwenye gari. Ilifungwa kiunoni mwa Stefano, ikazungushwa kwenye mti, na Nasra mwenyewe ndiye aliyeishika.

Stefano aliingia na mti mrefu wa kupimia. Maji yalimfika magotini, kiunoni, kifuani. Alikuwa anachoma mti chini, anaegemea, anaweka mguu, anachoma tena. Nasra aliiachia kamba kidogo kidogo na kila mtikisiko wa mto aliusikia viganjani. Katikati kilibaki kichwa tu. Kisha hata kichwa kikapotea, kamba ikavuta ghafla ikamchuna ngozi, naye akapiga kelele bila kujijua. Kichwa kiliibuka hatua mbili mbele. Kifua kikaonekana. Stefano alitambaa kwenye ukingo wa pili, akainama anahema, kisha akafunga kamba yake kwenye mti ili iwaonyeshe njia.

"Sasa sisi," alisema Mehboob, na akasoma bismillahi.

Gari liliingia polepole. Tuta la maji liliinuka mbele kama alivyosema, na bonde likabaki nyuma yake, Nasra akaliona kwa macho yake kupitia kioo. Maji yalimwingia miguuni, yakapanda hadi mapajani, baridi ya mlimani. Boneti ilizama. Kukawa hakuna gari tena mbele yao, mto tu unaopita pale injini ilipotakiwa kuwa. Na bado mlio ulikuwa uleule, hauongezeki wala haupungui, na juu ya sikio lake mkonga ulikuwa unavuta pumzi, fuu, fuu, fuu. Kitu kizima kilikuwa chini ya maji kinapumua kupitia shingo moja. Nasra alisahau kuogopa. Alimtazama mzee aliyekuwa amekaza macho kwenye kamba ya Stefano, midomo inacheza kwa dua, na akajua kwamba majigambo yake yote ya gereji yalikuwa kweli, tena alikuwa ameyapunguza.

Boneti iliibuka. Maji yakamwagika milangoni. Walipanda ukingo, Mehboob akazima injini kabla haijachemka.

Stefano hakuja kuwapokea. Alikuwa amesimama chini ya mti, mbali kidogo upande wa chini wa mto, amewapa mgongo.

"Kaka Stefano?"

Aligeuka. Mkanda aliovikwa na Mehboob ulikuwa bado kifuani pake. Mkononi alikuwa ameshika mkanda mwingine.

"Ulikuwa umetundikwa," alisema. "Kwenye tawi. Umetundikwa, mama, haukunasa."

Chini ya tawi majani yalikuwa yamelala upande mmoja, mstari mpana wa kitu kilichojikokota. Waliufuata ndani ya mpunga uliolala. Mstari uliishia kwenye dungu, kile kichanja ambacho wakulima hukaa kufukuza ndege, na chini ya kichanja palikuwa na magunzi ya mahindi mabichi yaliyotafunwa. Stefano aliita jina la mdogo wake mara moja tu.

Kitu kilijibu juu.

Severin alikuwa amekonda, midomo imepasuka, mguu wa kushoto umevimba na kufungwa kwa fito na kipande cha kamba ya manila. Alimtazama kaka yake kama mtu asiyeamini, akamtazama Mehboob, kisha macho yakatulia kwenye sare ya Nasra. Akaanza kulia.

"Afande," alisema kwa shida, "mmempata bosi?"

Nasra alipanda ngazi ya dungu akapiga magoti kando yake. "Tulia kwanza. Kunywa maji."

"Mmempata? Alikuwa ndani ya gari. Nililiona linazama naye, na mimi... nilikata kamba. Ningeishika labda ningefika. Nikakata nikamwacha." Alimshika mkono kwa nguvu iliyomshangaza. "Niliutundika mkanda ili mtu akiuona ajue tulifika hapa, waje wamtafute yeye. Kila siku namwombea. Usinifiche."

Stefano aligeuka upande wa pili. Upande wa juu wa mashamba mwanga wa mwisho ulikuwa umefika kwenye Uluguru, na milima yote ilikuwa wazi, haina hata wingu moja.

Katika kazi yake Nasra alikuwa amewapelekea watu habari nyingi za kifo, na alijua namna ya kuzitoa. Hii hakujua ianzie wapi.

"Ni mzima," alisema. "Yuko Kilakala, kwa dada yake."

Severin alifumba macho, akamshukuru Mungu kwa sauti, akamshukuru tena, huku machozi yakimtiririka masikioni. Nasra aliuacha mkono wake mkononi mwa Severin mpaka alipomaliza.